Gari la Zimamoto Limeenda Kuuza Maji

Msomaji mmoja ameniandikia kupitia gazeti hili kwamba mtu kama mimi hafai kuongoza hata kuku kuingia bandani. Simjibu. Angekaa yeye kwenye kiti changu mle mnarani siku ile, labda angefanya vizuri zaidi, labda angeruka dirishani. Mimi nilikaa, na nimeahidi kuwaambia yote, yanayonipendeza na yanayoniaibisha. Ya leo yananiaibisha.

Kwa mliochelewa: mimi ni mwongoza ndege wa uwanja wetu mdogo. Nakaa juu ya mnara na redio, namwambia rubani upepo unatoka wapi na kama njia iko wazi. Uwanja wetu ulikuwa unakufa taratibu. Nauli ilipanda, mafuta yakapanda, unga ukapanda. Waliokuwa wanasafiri kwa ndege wakarudi kwenye basi, na waliokuwa wanasafiri kwa basi wakabaki nyumbani. Safari za kila siku zikawa tatu kwa wiki, na mishahara ikaanza kuja kama mvua ya kiangazi.

Ndipo mkuu wetu wa uwanja akaanza kutafuta riziki kila kona. Tulimpachika jina la Mikakati, kwa sababu hawezi kuomba hata chai bila kulitaja neno hilo. Ukumbi wa abiria aliukodisha kwa sherehe. Maegesho ya magari akawapa wauza mitumba. Nyasi za pembeni mwa njia ya ndege akawauzia wenye mbuzi. Na mabomba ya mjini yalipokauka, akakumbuka kwamba uwanja una kisima chake, na una gari kubwa jekundu lenye tanki.

Gari la zimamoto, ndugu zangu. Gari ambalo lisipokuwepo, likiwa limejaa maji na watu wake tayari, ndege hairuhusiwi kushuka.

Dereva wa gari hilo ni mdogo wangu, tumbo moja. Wiki iliyopita niliwaeleza tulivyokubaliana: gari litauza maji siku zisizo na ndege. Baadaye tukasema hata siku za ndege, mradi lirudi mapema. Baadaye tena tukasema hata likichelewa, mradi tanki libaki nusu. Hiyo nusu ndiyo ilikuwa kiapo chetu, mimi na mdogo wangu. Maji yakatulipa mishahara. Nilishangilia kama wengine wote, na wa kwanza kununua kiroba cha mchele nilikuwa mimi.

Sasa tuendelee.

Asubuhi ile Mikakati alipanda ngazi za mnara akihema, kavaa tai. Huwa hapandi huko juu, anasema magoti yake hayana bajeti.

"Dada yangu, leo ndiyo leo," akasema. "Mwenye ndege yuko ndani ya ndege."

"Mwenye ndege gani?"

"Mwenye kampuni mwenyewe! Anakuja kutuona kwa macho yake. Akiridhika, anaturudishia safari za kila siku. Asiporidhika, anafuta kituo, na mimi na wewe tunaenda kuuza mitumba pale maegesho."

"Mitumba ina wenyewe, Mkuu. Hatutapata hata meza."

"Usinitanie leo. Kila kitu kionekane kinafanya kazi. Huo ndio mkakati."

Hakujua kwamba mimi nilikuwa na mgeni wangu ndani ya ndege hiyohiyo. Mke wa mdogo wangu alikuwa anarudi kutoka kwa mama yake alikokwenda kujifungua. Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, ambaye baba yake alikuwa hajamwona ila kwenye simu. Barabara ni mbaya kwa kichanga, kwa hiyo ukoo mzima ulichanga nauli ya ndege. Hata shangazi yetu, ambaye ukimwomba chumvi anauliza ya nini, alitoa.

Nilimpigia mdogo wangu.

"Uko wapi?"

"Mjini, Dada. Hapa kwenye kiwanda cha mikate. Namalizia."

"Leo? Mkeo anakuja leo na wewe unauza maji?"

"Mkuu ndiye kanituma. Anataka hela ya kumkirimu mgeni. Narudi sasa hivi, usiwe na presha."

"Nusu yetu ipo?"

Akasita. "Ipo, Dada."

Nilisikia akisita. Niwe mkweli kwenu, nilisikia kabisa. Nikakata simu kama mtu ambaye hakusikia kitu.

Haukupita muda mrefu, redio ikakohoa.

"Mnara, habari za asubuhi."

Ilikuwa sauti ya Kapteni. Miaka yote niliyofanya kazi pale, sura yake nimeiona mara chache, lakini sauti yake naijua kuliko ya baba watoto wangu. Anaongea taratibu, hata upepo ukivuma vibaya, kama mtu anayekuelekeza njia ya dukani.

"Salama, Kapteni. Upepo mdogo, anga safi. Karibu."

"Asante. Zimamoto?"

Kila mara anauliza hivyo. Ni utaratibu, na utaratibu una jibu lake.

"Tayari, Kapteni."

Lilinitoka hivyo, bila kutetemeka. Nyuma yangu Mikakati alikuwa anajitazama kwenye kioo cha dirisha, anaweka tai sawa.

Tukaiona ndege. Doa dogo jeupe kwenye anga, likawa kubwa, likawa na mabawa. Nikaanza kutulia. Halafu nikaona inapita juu bila kushuka.

"Mnara, nina tatizo dogo."

Kwa Kapteni kila tatizo ni dogo. Niliwahi kumsikia akiita radi tatizo dogo.

"Nakusikia, Kapteni."

"Taa ya gurudumu la kushoto haiwaki. Inawezekana ni taa tu. Nitapita chini mbele yako. Chukua darubini uniangalizie."

Alizunguka mji mzima akarudi. Akapita mbele ya mnara kwa chini, dirisha likatetemeka. Sikuona vizuri, mikono haikutulia. Nikamwomba arudie. Akazunguka tena. Mara hii niliona, na ningetamani nisingeona. Gurudumu la kulia lilikuwa limenyooka. La kushoto lilikuwa limening'inia, limepinda kwa ndani.

"Kapteni, la kushoto halijanyooka."

"Halijanyooka kabisa?"

"Limepinda. Likigusa chini sidhani kama litasimama."

Akarudi na sauti ileile ya kuelekeza dukani.

"Haya. Nitajitahidi kulalia upande wa kulia. Bawa linaweza kuburuzika chini, linaweza kuwaka. Watu wako wa zimamoto wakae karibu kabisa na njia."

Nikatazama chini, pale gari jekundu linapokaa. Palikuwa na doa la oili na mbuzi mmoja amesimama juu yake.

Nilipiga simu huku mkono mwingine umeshika redio.

"Uko wapi wewe?"

"Naondoka sasa, Dada. Nilikuwa nakunja mpira wa maji."

"Gurudumu halijatoka."

"Gurudumu la nani?"

"La ndege! Ndege ya mkeo! Washa king'ora uje!"

Nilisikia mlango wa gari ukibamizwa, injini ikinguruma. Alikuwa anahema kama anakimbia kwa miguu.

"Nakuja, Dada. Nakuja."

"Nusu yetu ipo? Niambie ukweli sasa."

"Dada..."

"Sema!"

"Nimeiuza."

"Umeiuza lini?"

"Sasa hivi. Mwenye kiwanda kaniomba yote, kasema atanilipa zaidi. Nilitaka nimnunulie mtoto kitanda kabla hajafika. Dada, wanafika hawana hata kitanda."

Hasira zilinipanda mpaka nikaona giza, na papo hapo zikaniishia, kwa sababu mimi ndiye niliyemsikia akisita. Nikamwambia aje hivyohivyo, aende moja kwa moja kisimani, awashe pampu.

Nikageukia redio. Nilikuwa nimeamua. Upande wa pili wa milima kuna uwanja mkubwa, una magari matatu ya zimamoto na hospitali mlangoni. Kapteni aende huko. Nitamwambia hatuna gari, nitafukuzwa kazi, nitashtakiwa, lakini wale watu watashuka salama mikononi mwa watu wenye maji.

Mikakati aliona uso wangu akajua. Akaweka kiganja juu ya kipaza sauti.

"Unataka kumwambia nini?"

"Ukweli. Toa mkono, Mkuu."

"Mwenye ndege yumo mle! Ukimwambia hatuna zimamoto, uwanja umefungwa leo hii. Watu wote hawa unawapeleka wapi? Walinzi, wafagizi, wapakia mizigo, mdogo wako? Dada yangu, gari liko njiani. Likifika si litakuwa lipo?"

"Litafika kavu."

"Nani kasema kavu?"

"Dereva kasema kavu! Kauza yote! Kwa amri yako!"

Lakini mkono hakutoa. Nikachukua darubini nikamgonga nayo vidole. Akapiga yowe, akarudi nyuma anavinyonya kama mtoto. Sijawahi kumpiga mtu maishani, na niwaambie ukweli, nilijisikia vizuri kwa muda mfupi sana.

"Kapteni, Mnara hapa. Nina jambo la kukuambia."

"Sema, Mnara."

"Zimamoto haipo. Haikuwepo tangu uliponiuliza. Gari lilikuwa mjini linauza maji. Nenda upande wa pili wa milima, tafadhali. Huko wana kila kitu."

Nilidhani redio imekatika, nikakigonga kipaza sauti kwa kucha.

"Kapteni?"

"Nimekusikia." Mara ya kwanza tangu nimjue, sauti ile ilikuwa imepungua kitu. "Mnara, ungeniambia mwanzo, ningekwenda. Mafuta yamepanda, kampuni imetubana, tunabeba ya kuja na akiba kidogo ya kufika huko kwa jirani. Hiyo akiba nimeitumia kukuzungukia wewe, uangalie gurudumu."

Mara mbili alizunguka. Mara ya pili kwa ombi langu, kwa sababu mikono yangu haikutulia.

"Kwa hiyo huwezi kufika?"

"Nikijaribu, nitaishia milimani. Ni hapo kwenu au hakuna."

Nilitaka kulia, lakini machozi yaligoma. Mikakati alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, tai imekaa begani. Hata yeye alielewa. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mkakati.

Ndipo tukasikia king'ora.

Gari jekundu liliingia getini kwa mwendo ambao sijawahi kuliona nao, likapita katikati ya nguo za mitumba, likaondoka na shati moja limenasa kwenye kioo. Mdogo wangu alilipeleka hadi kisimani, pembeni mwa njia ya ndege. Nikamwona anashuka anakimbia, anaunga mpira wa pampu. Taa nyekundu zilikuwa zinazunguka juu ya gari, nzuri kabisa, utadhani kila kitu kiko sawa.

"Mnara." Kapteni tena. "Naona taa nyekundu. Ndilo hilo gari?"

"Ndilo hilo, Kapteni."

"Limefika. Haya, nisikilize vizuri, jibu lako ndilo litakaloamua nishuke vipi. Kama gari lina maji, nashuka sasa hivi. Injini zote mbili bado zina nguvu, nikikosea nitapaa nijaribu tena. Kama halina, nabaki juu mpaka mafuta yakaribie kuisha, nije na tanki karibu tupu ili kukiwaka kisiwake sana. Lakini nikija hivyo nina nafasi moja tu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Lina maji au halina?"

Mikakati alisimama. Hakunigusa, vidole vilikuwa vinamuuma. Alinong'ona tu.

"Mwambie linayo. Pampu inajaza. Mpaka ashuke yatakuwa yameingia. Utakuwa hujadanganya."

Wasomaji, niliwaza kumsikiliza. Niliwaza kwa sababu alichosema kilikuwa na chembe ya ukweli, na ndivyo tulivyofika pale tangu mwanzo, kwa chembechembe kama hizo. Likifika litakuwa lipo. Likibaki nusu litatosha. Nikamtazama mdogo wangu kule chini, amekumbatia mpira kwa mikono yote miwili kana kwamba akiuminya maji yatakwenda haraka.

"Halina, Kapteni," nikasema. "Ni kavu. Ndiyo kwanza tumeanza kulijaza kutoka kisimani."

"Pampu yenu ni ya haraka?"

"Ni ya kizee. Lakini inafanya kazi."

"Basi nabaki juu. Kila mzunguko wangu, nyie jazeni. Nitakuambia kabla sijageuka kuja. Usiniache peke yangu kwenye redio, Mnara."

"Siendi popote."

Nikakaa. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi pumzi iliingia vizuri kifuani. Ndege ilikuwa inazunguka juu ya mji, taratibu, na kule kisimani pampu ilikuwa inakohoa maji. Muda uliokuwa unatuua sasa ulikuwa upande wetu. Kadiri alivyokaa juu, ndivyo tanki lilivyopanda. Nilimpigia mdogo wangu.

"Yamefika wapi?"

"Robo bado, Dada. Lakini yanaingia! Yanaingia!"

"Wewe jaza. Kapteni anakusubiri."

"Umeongea na mke wangu?"

"Bado."

"Usimwambie kuhusu kitanda. Wala kuhusu maji. Nitamwambia mwenyewe wakishuka."

"Sawa."

"Dada, nilimwambia juzi kwamba siku ya leo gari litakuwa limejaa mpaka juu. Nilimwapia."

Nikamwambia ajaze maji aache maneno.

Mikakati naye alikuwa amezinduka. Alifungua dirisha akawapigia kelele wapakia mizigo wabebe ndoo, wafagizi wabebe ndoo, kila mwenye chombo akimbie kisimani. Wauza mitumba nao wakaacha nguo zao wakakimbia na madishi. Nilimwona mlinzi wa getini, mzee mwenye kitambi, anakimbia na birika la chai. Ningecheka siku nyingine. Nilifikiri labda Mungu ametuhurumia, labda tutakuja kusimuliana habari hii tukicheka kwenye sherehe ya arobaini ya mtoto.

Hapo ndipo feni ya mnarani ilipopunguza mwendo.

Ilizunguka polepole, ikasimama. Taa ndogo ya kijani kwenye redio, ile ninayoitazama kila siku mpaka naiota, ikazimika.

Nikabonyeza kitufe. "Kapteni?"

Hakuna hata mlio.

"Kapteni, Mnara hapa. Unanisikia?"

Nikageuka. Mikakati alikuwa amekodolea macho feni, na nikaona uso ukimpauka.

"Mkuu," nikasema. "Uniti za umeme ulinunua?"

"Nilikuwa ninunue leo."

"Ulinunua au hukununua?"

"Nilisema zitafika mpaka mchana! Hela nilinunulia rangi ya ukumbi! Ukumbi ulikuwa umechakaa, dada yangu, mgeni angeona nini?"

"Jenereta?"

"Dizeli..." akasema, na hakumaliza. Hakuhitaji kumaliza. Dizeli ya jenereta ndiyo iliyokuwa inaendesha gari kwenda kuuza maji. Betri za akiba za redio zilikufa zamani, tulikuwa tunasubiri bajeti.

Mikakati akatoa simu yake anunue umeme. Vidole nilivyovigonga vilikuwa vimevimba, akawa anakosea namba ya siri. Akakosea tena. Nikamnyang'anya simu, nikamwambia ataje namba, akaisahau. Mtu mzima, mkuu wa uwanja wa ndege, akaisahau namba ya mwaka aliozaliwa.

Simu yangu ikaita. Mdogo wangu.

"Dada, pampu imezima!"

"Najua. Umeme umekwisha. Chukueni kwa ndoo."

"Kwa ndoo? Kisima ni kirefu, Dada, hakuna hata kamba!"

"Tanki liko wapi?"

"Hata robo halijafika." Kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa: "Dada, mbona anageuka?"

Nikatazama juu. Ndege ilikuwa imeacha kuzunguka. Ilikuwa imegeuza pua, bawa moja limeinama, inakuja kwetu. Mapema mno. Kapteni alisema ataniambia kabla hajageuka, na labda aliniambia. Labda aliniita mara nyingi, akaniomba upepo, akaniuliza maji, na akasikia kimya cha mtu aliyemwahidi kwamba haendi popote.

"Umemwambia nini, Dada? Mbona anashuka?"

"Sijamwambia kitu! Hanisikii! Ondoa watu kwenye njia!"

Nilikata. Nilizunguka chumba kile kidogo kama anayetafuta mlango ambao haupo. Ndipo nikamkumbuka wifi yangu. Ndege ilikuwa chini, juu ya mapaa ya mji. Mtandao ungeweza kushika. Akipokea, atamwita mhudumu, mhudumu atamwambia Kapteni: bado, zunguka, tafadhali zunguka tena.

Nikapiga. Ikaita. Niliomba dua zote ninazozijua na nyingine nikazitunga.

"Haloo? Wifi?"

"Wifi yangu, nisikilize. Mwite mhudumu. Mwambie Kapteni asishuke bado. Mwambie..."

"Wifi, sikusikii vizuri, watu wanalia humu." Nyuma yake nilisikia mtoto, na sauti ya mwanaume mzima anaomba Mungu. "Tumeambiwa tuinamishe vichwa. Injini ya upande wangu imenyamaza, wifi. Imezima tu yenyewe."

Kwa hiyo hakukuwa na kuzunguka tena. Mafuta yaliisha kabla ya hesabu ya Kapteni. Nilishika ukingo wa dirisha. Kule chini mdogo wangu alikuwa amepanda juu ya gari, ameshika bomba la kuzimia moto, amelielekeza kwenye njia ya ndege. Taa nyekundu zilikuwa bado zinazunguka.

"Wifi, mtoto umemshika vizuri?"

"Nimemfunga kifuani kwa kanga." Sauti yake ilikuwa inatetemeka, lakini alikuwa anajikaza, na nikagundua kwamba ni mimi aliyekuwa anajaribu kunituliza. "Usilie, wifi. Nimemwona mume wangu kupitia dirisha hili. Nimemwona yuko juu ya gari lake. Nimewaambia wote humu ndani, nimemwambia hata huyu mzee wa suti anayetetemeka hapa pembeni yangu, wasiogope, yule pale ni baba wa mtoto huyu, na tanki lake limejaa mpaka juu. Wamenyamaza kidogo baada ya kusikia hivyo."

Magurudumu yalikuwa yamefika usawa wa uzio.

"Si ndiyo, wifi?" akasema. "Wifi, mbona hunijibu?"